Filamu Tatu Nilizomshikia Maiki Bi Seo

Nyinyi mliobaki stoo mmenitaka niwaandikie uzoefu wangu kabla sijarudi kwetu Tanga na kuusahau. Uzoefu wenyewe ni mfupi. Betri zisiwekwe mfuko mmoja na funguo. Waya ukunjwe jinsi unavyotaka wenyewe, usilazimishwe. Na mtu akikwambia chumba chake hakina kelele, mshukuru, kisha ingia ukasikilize mwenyewe. Mengine yote mtajifunza kwa kukosea, kama mimi.

Lakini nawajua. Tukikaa kunywa chai ya karak hamniulizi habari za betri, mnaniulizia Bi Seo. Basi nitasema ya Bi Seo, na ya Wanza, ambaye ameniruhusu kuyasema.

Nilifika Doha miaka ya mwanzo ya elfu mbili, dereva. Kampuni yetu ilikuwa ndogo kuliko sasa: magari mawili, chumba cha vyombo, na mudiri mmoja, yaani meneja, aliyependa kusema "yalla", twendeni, hata tukiwa tumeshaondoka. Tulikodisha kamera, taa na maiki kwa wageni waliokuja kushuti. Wengi walikuja kushuti matangazo ya hoteli. Siku moja mudiri akaniambia kuna Wakorea wanakuja kushuti filamu nzima ndani ya fleti moja mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, niwapelekee vyombo na nikae nao wakihitaji mtu wa kutumwa.

Mwongozaji alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi, amebeba kigoda cha plastiki alichotoka nacho kwao Seoul. Huyo ndiye Bi Seo. Kwao alikuwa na jina, nikaambiwa, lakini jina la namna yake: watu wachache wanamsifu sana na wengine hawajamsikia. Filamu zake hazina mbio wala bunduki. Watu wanakula, wanazungumza, wananyamaza, mmoja anaondoka. Ukiuliza hadithi inahusu nini, unaambiwa hiyohiyo.

Siku ya kwanza nikatumwa kichwa cha nguruwe.

Nilidhani natiwa majaribuni. Binti mmoja, msaidizi wao, akanieleza taratibu kwamba kwao filamu haianzi hivihivi. Huwekwa meza ya vyakula, kichwa cha nguruwe katikati, wote wanainama mbele yake na kuomba kazi iishe salama, asianguke mtu, isiungue taa. Nikamwambia, dada yangu, mji huu nguruwe hata kwa jina anatajwa kwa sauti ya chini. Akasikitika kweli. Nikaona haya kumwacha hivyo, nikaenda sokoni nikanunua kichwa cha kondoo, kizuri, kimesafishwa, meno yote yapo.

Kumbe kosa. Wanamtaka nguruwe kwa sababu akichemshwa sura yake hutabasamu, na tabasamu ndiyo baraka. Kondoo wangu alikaa mezani amenuna kama mtu aliyefiwa. Wakorea wakatazamana. Bi Seo akamwinamia, akamkagua kwa makini, halafu akasema kwa Kiingereza chake cha kukatakata, "Huyu ameshaziona filamu zangu." Wakacheka hadi wakashika mbavu. Tangu hapo nikampenda yule mama.

Wakati wa kuinama ulipofika nilirudi nyuma hadi mlangoni. Mimi nasujudu kwa Mola wangu tu, si kwa kichwa cha kondoo. Bi Seo aliniona, akaniashiria nikae nilipo. Nikasoma Fatiha yangu kimoyomoyo, na Okello, dereva mwenzangu kutoka Uganda, akapiga ishara ya msalaba. Kisha kondoo akageuka supu, na supu hiyo hatukubishania dini.

Kupewa maiki hakukutokana na akili bali urefu. Fundi sauti wao, Bwana Pyo, alikuwa na msaidizi aliyeshikwa na tumbo siku ya pili. Akatafuta nani anaweza kushika ule mti mrefu wenye maiki juu ya vichwa vya watu bila kivuli chake kuonekana. Akaniona mimi nimeegemea friji. Hakuniuliza kama najua. Alinipa mti, akanivisha hedifoni, nikasikia dunia.

Sijui niwaeleze vipi. Nilikuwa nimeishi Doha muda wa kutosha, nikidhani naijua. Nikasikia maji yanashuka bombani orofa ya juu. Nikasikia mwigizaji anavyomeza mate kabla ya kudanganya. Mti ulikuwa mzito, na sikutaka mtu aje aupokee.

Bwana Pyo alinifundisha kwa vidole na kwa kukunja uso. Kazi ya sauti Doha adui yake ni kiyoyozi. Ukikiacha kinavuma kwenye kila neno, ukikizima mnaoka. Tulikuwa tunazima, tunashuti, tunawasha, watu wanajipangusa, tunazima tena. Mwigizaji mkuu alitokwa jasho hadi gazeti moja huko nje likaja kumsifu kwa kuonyesha huzuni kwa uso wake. Ilikuwa joto la Fereej Bin Mahmoud, lakini sisi tulinyamaza.

Sheria mbili za Bwana Pyo nazitaja kwa sababu bila hizo hamtaelewa yaliyofuata. Ya kwanza: Bi Seo hasemi "kata." Anakaa kwenye kigoda chake, na onyesho likimtosha anasimama. Akiwa amekaa, unarekodi, hata kama mwigizaji ametoka chumbani. Ya pili: akisimama, unashusha sauti ya maiki za vifuani mara moja. Watu husahau wamevaa maiki. Wanakwenda nazo msalani, wanasengenya, wanalia. "Hayo si yako," alikuwa akiniambia, akinigusa sikio. Waswahili walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Sisi ndio kata.

Filamu ya pili alikuja nayo miaka kadhaa baadaye, tukaishutia The Pearl, kisiwa cha kutengenezwa ambacho wakati ule ndiyo kwanza kinaanza kukaliwa. Wazee wawili wa Kikorea, marafiki wa zamani, wanagombana mezani tangu filamu inaanza hadi inakwisha. Fleti ilikuwa ya vioo kila upande na sauti inaruka kama mpira; tulining'iniza mablanketi kila mahali kamera isipofika. Ilipoonyeshwa hapa Doha, ukumbi haukujaa hata nusu, na bwana mmoja mstari wa nyuma akalala akakoroma. Mimi nilikereka. Bi Seo akaniinamia, akaninong'oneza kwamba mkoromo ule umekaa mahali pake hasa, laiti tungekuwa nao kwenye filamu.

Hapo Bwana Pyo alikuwa amestaafu, na mimi ndiye fundi sauti wa Bi Seo kila akija Ghuba.

Ya tatu ndiyo ya Wanza. Bi Seo alitaka mtu asiye mwigizaji, mwanamke anayefanya kazi nyumbani kwa watu na siku yake ya mapumziko anawapikia wenzake. Mimi nilimjua Wanza kupitia chapati zake. Mkamba wa Machakos, mwenye mwili, mcheshi, yaya katika nyumba moja Al Wukair, nje kidogo ya Doha. Madam wake alimruhusu aje kwetu kila Ijumaa, na mara ya kwanza alimleta mwenyewe kwa gari, akakagua jiko letu, akaridhika, akaondoka. Tulirudi kushuti kwenye fleti ya Fereej Bin Mahmoud, jengo lilelile la filamu ya kwanza.

Safari hii Bi Seo alikuwa na wasiwasi. Mtayarishaji wake kule Seoul alimwambia waziwazi: filamu hii isipopokelewa na tamasha kubwa, hapati nyingine. Alikuwa anaandika asubuhi kile tutakachoshuti mchana, kama kawaida yake, ila sasa alikuwa anachana karatasi. Filamu haikuwa na mwisho. Kila Ijumaa tunapika, tunakula, na mwisho hauji.

Ijumaa moja Wanza alikuwa anasukuma chapati mbele ya kamera, simu yake ikalia. Akanawa mikono, akatoka kwenda kibaraza cha nyuma, akafunga mlango. Kwake yeye onyesho lilikuwa limekwisha. Bi Seo hakusimama. Kamera ikabaki inatazama chapati na mlango uliofungwa, na mimi nikabaki na Wanza masikioni, maana maiki ilikuwa kifuani mwake.

Alikuwa anaongea na shoga yake Moraa, Mkenya mwenzake aliyefanya kazi nyumba nyingine hapahapa mjini. Baba yake Moraa alikuwa amefariki, na Moraa alikuwa anasitasita kwenda kuzika.

"Moraa, enda," Wanza akasema. "Nisikize. Unajua ile story nilisema, ati babangu alikufa nikanyimwa ruhusa? Ni uongo. Madam hakuninyima. Alininunulia tiketi, akaiweka hapo mezani. Mimi ndio nilikataa kuenda. Nau aliniambia, wakati nakuja huku, nikipanda hiyo ndege nisiwahi uliza habari yake. Nikasema basi, siulizi. Nilimkasirikia mpaka akiwa maiti, Moraa. Na mwaitu, kila Sunday anaombea madam wangu, ati Mungu alainishe roho yake. Na hiyo roho haina shida! Enda. Usifanye vile nilifanya."

Nau na mwaitu ni baba na mama kwa Kikamba. Kisha akalia, na katikati ya kilio alikuwa anamwita nau, polepole, kama anayembembeleza mtu aamke.

Bi Seo alikuwa amevaa hedifoni yake. Hajui Kiswahili hata salamu. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Wanza aliporudi, akapangusa uso kwa upindo wa leso na kuendelea kusukuma chapati, ndipo Bi Seo akasimama.

Watu walipoondoka alinishika mkono. "Usiniambie anasema nini," akasema. "Bado. Huo ndio mwisho wa filamu yangu."

Nikamwambia kwamba Wanza hakujua kama anasikika. Akasema anajua, na kwamba bila yeye mwenyewe kukubali haitatumika, ila anaomba nimshawishi. Nikasema sitamshawishi mtu, nitamweleza tu. Alichoka, aliogopa, nadhani, kwa sababu alinitazama akasema, "Wewe ni dereva uliyepewa maiki." Niliumia. Nilikunja waya zangu nikaondoka bila kumuaga. Ijumaa iliyofuata nilimkuta mlangoni kabla ya wengine, amesimama, ananiinamia hadi kofia ikadondoka. Nikamwokotea, yakaisha.

Wanza alipofika nilimkalisha jikoni, nikamvisha hedifoni, nikamwambia, "Dada, kuna kitu chako kimeingia humu bila wewe kujua. Sikiliza kwanza, halafu uamue wewe."

Alisikiliza akiwa ameziba mdomo. Alipozivua, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Nani amesikia hii?"

"Mimi na yeye. Yeye haelewi neno hata moja."

"Futa."

Nikamwambia Bi Seo. Akauliza kama Wanza angekubali kukaa mbele ya kamera na kusema jambo lolote lingine, la kumhusu baba yake, atakalo mwenyewe. Wanza kwa ukarimu wake akajaribu. Akakaa wima, akasema baba yake alikuwa mtu mwema na mchapakazi, kama anasoma risala ya harusi. Bi Seo alisimama mapema kuliko nilivyowahi kumwona akisimama.

"Mwambie inafutwa," akasema. "Uifute akiwa anaona."

Nikaileta mashine mezani. Nikamwonyesha Wanza kitufe. Nawaambia kweli, kidole changu kilikuwa kizito; kazi nzuri kuliko zote niliyowahi kurekodi ilikuwa humo. Wanza akakitazama kile kitufe. Akamtazama Bi Seo, aliyekuwa amegeukia dirisha ili asimshinikize.

"Ngoja," akasema Wanza. "Nipee mpaka Friday ingine."

Sikulala vizuri wiki ile. Nilimwonea huruma Bi Seo, na nilimwogopea Wanza zaidi. Kijijini kwao wote walikuwa wanamlaani madam wake kwa kumnyima binti kumzika babake. Uongo ule ndio uliomwezesha kupiga simu nyumbani na kupokewa kwa pole.

Ijumaa ikaja. Wanza akaingia, akaweka unga mezani, hakukaa.

"Nimempigia mwaitu," akasema. "Nimemwambia yote, tiketi na kila kitu."

"Akasemaje?"

"Amekata simu. Nikipiga hashiki." Akafungua mfuko wa unga kwa meno. "Sasa mwambie huyu mama atumie yake. Haina siri tena."

Nilipomfasiria Bi Seo, hakufurahi kama nilivyotegemea. Unga ulipokandwa, alikwenda akasimama karibu na Wanza, akamega donge, akaanza kusukuma chapati. Zilitoka vibaya kabisa. Ndipo akaniambia, sasa niambie alisema nini. Nikamwambia neno kwa neno. Nilipofika kwenye tiketi mezani alinirudisha: tiketi ilinunuliwa? Na nani? Nikamwambia na madam. Akakaa chini.

"Kila mtu atataka yule madam awe mbaya," akasema.

Alisema kweli. Mtayarishaji alipoona filamu na tafsiri yake chini, alimwandikia kwamba yale maneno ya tiketi yaondolewe. Abaki tu mwanamke anayelia kwamba hakumzika baba yake, na watazamaji watajaza wenyewe. Hapo tamasha lingeichukua. Bi Seo aliniuliza, nami nikasema neno la mtu halikatwi katikati. Akasema alishajibu hivyo tayari, alitaka tu kusikia kama tunasikia sawa.

Tamasha kubwa halikuichukua. Ilipita kwenye kumbi ndogondogo, na ile ikawa filamu yake ya mwisho. Sasa anafundisha vijana na kulima pilipili, na pilipili, anasema, zina watazamaji wengi zaidi. Mimi sidhani kama alipoteza. Nimeshikia maiki watu wengi wenye majina, na sijaona mwingine aliyeiacha kazi yake ya maisha ikae mikononi mwa mpika chapati.

Hapa Doha ilionyeshwa mara moja. Wanza alikuja na madam wake, wakakaa pamoja mstari wa mbele. Mlango wa kibaraza ukafungwa kwenye skrini na sauti yake ikaanza. Madam haelewi Kiswahili, lakini alisoma maneno yaliyoandikwa chini. Aliposoma la tiketi aliushika mkono wa Wanza na hakuuachia hadi taa zilipowaka.

Pale nje Wanza akanivuta kando. Mama yake alikuwa bado hashiki simu.

"Kaka, unaweza nipea hiyo sauti? Picha sitaki. Sauti tu, ile mahali nalia."

Nikamtumia kwenye Watsapu, Bi Seo akiwa amesimama pembeni anatikisa kichwa kukubali. Wanza akaituma kwa kaka yake Machakos, akamwomba akae na mama yao, ambonyezee, kisha asiseme kitu.

Siku zikapita. Nilikuwa stoo naunga waya uliokatika Wanza aliponipigia. Mama yake alikuwa amepiga mwenyewe. Hakumsalimu, hakumlaumu, wala hakutaja kilio. Aliuliza jambo moja: ile ruhusa ya kuja nyumbani, Wanza akiiomba tena, atapewa?

Wanza akainuka. Alikwenda na simu mkononi, mwaitu akiwa bado hewani, akagonga mlango wa madam wake.